Mgeni Hatahiniwi

Mimi nilichumbiwa mara moja tu, lakini harusi yangu ilibidi ipite chini ya nyaraka. Wasichana wenzangu waliwasubiri wachumba waliokwenda jeshini. Mimi nilimsubiri Datius atoke kwenye mageuzi ya elimu ya juu, na nawaambia wazi, jeshi lina nafuu, maana huko mtu akiondoka unajua anakwenda kupigana na nani.

Datius mwenyewe hakuwa na kasoro ya kumkataa. Alikuwa kijana wa Kashozi kama mimi, mpole, mwenye miguu mirefu na tabia ya kusoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Baba yake alikwisha kufa, na kibanja cha ukoo, migomba na mibuni yote, kilikwenda kwa kaka yake mkubwa kama desturi inavyotaka. Urithi wa Datius ulikuwa shule. Alipokuja kunichumbia alikuwa anamaliza shahada ya kwanza, na Chuo kilikuwa kimemwahidi nafasi ya kuendelea na ya pili. Chuo sitakitaja jina, kwa kuwa wadogo zangu bado wanaota kuingia humo.

Baba yangu, mzee Karugendo, alimkubali siku ile ile, kisha akaharibu.

"Harusi baada ya masta," alisema, na Jumapili akalirudia neno hilo mbele ya watu kanisani.

Masta ni nini, hakujua. Neno alilisikia nje ya kanisa baada ya misa, na alichojua ni kwamba hakuna mtu Kashozi aliyekuwa na mkwe mwenye kitu hicho. "Digrii moja siku hizi kila mtu anayo," alituambia, katika parokia ambayo wenye digrii walikuwa watatu na wawili kati yao ni mapadri.

Ilikuwa ichukue miaka miwili. Nikaanza kufundisha shule ya msingi mjini Bukoba, nikapanga chumba Bilele, nikanunua sufuria mbili kubwa za kuanzia maisha na kuzifunika kitambaa. Ndipo ukaja waraka wa kwanza. Ulisema taifa changa haliwezi kulea wasomi wanaotoka darasani na kuingia darasani bila kugusa kazi, kwa hiyo hakuna kuendelea na shahada ya pili mpaka mtu aajiriwe kwanza na wakubwa wake wa kazi wamsifie kwa maandishi. Mimi sina ugomvi na kazi. Nilikuwa nafundisha watoto waliojaa chumba mpaka dirishani, kazi naijua. Ila Datius alipelekwa ofisi moja ya serikali pale mjini, na huko akagusa kazi kwa kupanga mafaili ya enzi za Mwingereza mpaka wakubwa wake waliporidhika. Waliridhika polepole sana, kwa sababu hakuna mkubwa anayependa kumpoteza mtu anayepanga mafaili vizuri.

Alipokuwa anafunga sanduku lake kwenda Chuoni, ukaja waraka wa pili. Huu ulikuwa mrefu zaidi na umepigwa chapa kwa wino mzuri. Shahada ya pili, ulisema, isiwe tena mali ya maprofesa. Mwanafunzi atakaa mwaka mzima katika kijiji cha ujamaa, wala si kijiji alikozaliwa, asije akapendelewa. Ataishi na wananchi, atalima nao, ataandika tasnifu yake huko huko. Na tasnifu hiyo haitafunguliwa na mtu yeyote Chuoni mpaka mkutano mkuu wa kijiji umtahini mwanafunzi hadharani, umuulize maswali, na unyooshe mikono kwamba amefaulu.

Nilipousoma niliupenda, sifichi. Ulikuwa na maneno mazuri. Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yaliandikwa na watu ambao mgeni wao wa mwisho kutoka kijijini alibishia hodi mlango wa nyuma.

Datius akapangiwa Ijumbi, wilaya ya Muleba. Nikaenda Kashozi kumwuliza baba kama haoni sasa tufunge ndoa, mwaka wenyewe twende pamoja.

"Mwaka mmoja si kitu," alisema baba. "Mvumilivu hula mbivu."

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba. Na kwetu sisi, ndizi mbivu zisipoliwa kwa wakati wake hukamuliwa pombe.

Ijumbi walimpokea Datius vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanza, ingawa hatukujua. Mjane mmoja asiye na mtoto, Kokushubila, mwanamke mwenye ulimi ambao hata katibu kata aliuogopa, alimpa kibanda pembeni ya kibanja chake na migomba michache ya kuanzia. Datius akalima. Akasafisha chemchemi pamoja na vijana, akaijengea mawe. Akawasomea wazee barua za watoto wao waliokuwa Mwanza na Kampala, na zile zenye habari mbaya alizisoma taratibu. Siku za Jumatatu alikwenda na wenzake kwenye shamba la ujamaa la migomba, lililokuwa rweyani, kule kwenye uwanda wa majani ambako wanawake hulima njugu mawe. Liliwekwa huko kwa sababu kila mwanakijiji aliupenda ujamaa kwa moyo wote, ila si ndani ya kibanja cha babu yake. Migomba ilikuwa imesimama pale kwa heshima ya Chama tu. Datius akaandika tasnifu nene kuhusu kazi za pamoja, na mwaka ukaisha.

Siku ya mtihani nilipanda basi alfajiri kutoka Bukoba mpaka Muleba, nikamalizia kwa miguu. Mkutano ulikuwa ndani ya ghala la kahawa la ushirika. Msimamizi wa Datius, Dakta Ayubu, alikuja kwa Land Rover, amevaa kaunda suti na kubeba mkoba mweusi, akaketi mbele karibu na mwenyekiti wa kijiji, mzee Kashaija. Datius akasimama akaeleza yote aliyoyaandika. Alieleza vizuri. Alisema shamba la rweyani halistawi na akasema kwa nini. Alisema wanaume wanakaa kwenye mikutano wakati wanawake wanabeba kahawa. Nilitazama watu nikidhani sasa hivi patachimbika, maana Wahaya ninaowajua hawapitishi hata salamu bila kuijadili.

"Wananchi," alisema Kashaija, "sasa ni maswali."

Kimya.

Mzee mmoja akasimama nyuma. "Mimi sina swali. Nina shukrani. Kijana huyu ametusafishia chemchemi." Akaketi. Mwingine akasimama, naye akashukuru. Wanawake wakaimba. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa, kikaanzia kwa Datius.

"Maswali, ndugu wananchi," alisema Dakta Ayubu. "Hata moja."

Bibi mmoja akanyoosha mkono, na Dakta akafungua kalamu kwa furaha.

"Waitu," bibi alimwambia Datius kwa neno la heshima la Kihaya, "umeamkaje?"

Datius akasema ameamka salama. Dakta akaifunga kalamu.

Kashaija akaomba wanaokubali kwamba kijana amefaulu wanyooshe mikono. Hakuna mkono ulioinuka. Akaomba wasiokubali. Hakuna pia. Watu walimtazama Datius kwa mapenzi matupu, wamekunja mikono mapajani kama wako kanisani. Nilitaka kuingia chini ya magunia. Dakta Ayubu aliandika kwamba kijiji hakina maoni, kisha akatuambia pembeni kwamba anaweza kuja mara moja tu zaidi, mwishoni mwa mavuno ya kahawa. Ikiwa siku hiyo kijiji hakijaamua, nafasi ya Datius itafutwa na hatapewa nyingine.

Mchana ule tuliketi nyumbani kwa Kokushubila, juu ya nyasi safi alizokuwa ametandika. Datius alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama, nimewakosea nini?" aliuliza.

"Hujakosea, waitu. Na ungekosea, tungekwambia? Wewe ni mgeni. Mgeni hatahiniwi. Tukikuuliza ukashindwa kujibu, nani ameaibika? Sisi tuliokukaribisha."

"Basi si mngenyoosha tu mikono?"

"Kunyoosha mkono kwamba umefaulu ni kusema tulikuwa na shaka nawe. Mgeni hatiliwi shaka mbele ya macho yake. Waambie hao wa Chuo waje siku ukiondoka. Mgongo wako ukipinda tu kona ya kanisani, tutasema yote."

Nikauliza mgeni huacha kuwa mgeni lini, maana hata watoto wangu wa darasa la tatu wanajua kwamba siku ya tatu hupewa jembe, na Datius alikuwa na jembe mwaka mzima.

"Jembe alipewa, na analitumia," alisema Kokushubila. "Lakini nyumba yake haina moto. Anakula kwangu. Mtu asiye na mke wa kumwashia moto ni mgeni, au ni mtoto, na watu wazima hawakusanyiki ghalani kumtahini mtoto."

Nilirudi Bilele nikiwa nimeshika kichwa. Chuo hakimpi Datius masta mpaka Ijumbi wamtahini. Ijumbi hawamtahini mpaka awe na mke. Na mke mwenyewe yuko Kashozi, kwa mzee Karugendo, hatoki mpaka Datius apate masta. Walioandika waraka ule walikuwa wamefikiria kila kitu, isipokuwa kwamba mwanafunzi ana umri wa kuoa na kijiji kina watu ndani yake.

Jumapili nikamweleza baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akichezea ufunguo wa baiskeli.

"Nilisema mbele ya watu," alisema. "Masta kwanza."

"Tata, haiji bila mke."

"Basi hao wa Ijumbi wabadili desturi yao."

"Chuo kinabadili sheria kila ukifika msimu wa senene, wewe hubadili neno moja?"

"Nilisema mbele ya watu, kanisani."

"Kanisani hapo hapo ulisema utaacha ugoro," alisema mama yangu, Benadetha, bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya.

Baba akatoka kwenda kuitazama kahawa yake aliyoianika, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijawahi kuwa nayo tena. Nilimpenda Datius, na nilikuwa nimechoka kumpenda kwa ratiba ya watu wengine. Jumatatu nikaenda kwa afisa elimu nikaomba uhamisho kwenda shule ya Ijumbi. Hakuwa amewahi kuona mwalimu anayeomba kutoka Bukoba mjini kwenda huko, kwa hiyo aliniandikia palepale, kabla akili hazijanirudia.

Nilifika na sanduku langu na zile sufuria mbili. Kulala nililala kwa Kokushubila, sikutaka kumpa padri mada ya mahubiri. Lakini kila asubuhi kabla ya shule nilivuka migomba nikamwashia Datius moto, nikamtelekea ndizi na maharage, na moshi ukaonekana juu ya nyasi za paa lake. Kijiji hakikusema kitu. Ila kabla juma halijaisha, jirani alisimama kwenye mpaka akamwambia Datius kwamba mbuzi wake amefungwa vibaya na kwamba mtu mwenye akili hawezi kufunga mbuzi vile. Datius alikuja mbio shuleni kuniambia, katikati ya somo la hesabu, akicheka. Tangu afike Ijumbi, ilikuwa mara ya kwanza kukemewa.

Wazee hata hivyo walikuwa na neno lao. Moto upo, walisema, lakini baba wa msichana hajanywa. Kwetu posa haifungwi kwa maneno. Upande wa mume huleta orubisi, pombe ya ndizi, baba wa binti akinywa mbele ya mashahidi basi amekubali, na hakuna hakimu wa kubatilisha. Asiponywa, moto wangu ulikuwa moto wa kuazima. Na baba yangu hata maji ya Ijumbi asingeyanywa.

Siku ya mkutano wa pili ikafika hivyo hivyo. Dakta Ayubu akaja na mkoba wake. Ghala likajaa. Datius alikuwa amekamua orubisi mwenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu Wahaya hawafanyi mkutano wa maana na koo kavu, na vibuyu vilikuwa vimepangwa ukutani. Kabla Kashaija hajafungua mkutano, mlangoni akatokea mzee Karugendo.

Habari za moshi wangu zilikuwa zimefika Kashozi, pengine zimeongezwa chumvi. Baba alikuwa amepanda basi, kisha ametembea kutoka barabara kuu amevaa koti lake la sufu la Pasaka, jua la saa saba likiwa juu yake. Alikuja kunichukua. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hasira zilikuwa zimemkausha midomo hata salamu haikutoka vizuri. Watu wakamsogezea kiti mbele. Kokushubila akainuka, akachukua kibuyu kimoja, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili.

Baba yangu ameketi katika posa za nusu ya Kashozi. Yeye ndiye huwaonya wazee wenzake wasiguse mrija wa upande wa mume kabla mambo hayajakwisha. Lakini alikuwa na kiu, na alidhani ni pombe ya serikali. Aliuweka mrija mdomoni akavuta, akavuta tena, akashusha pumzi.

Ghala lote lilikuwa linautazama mrija. Halafu wanawake wakapiga vigelegele.

Baba alitazama watu, akatazama mrija, akamtazama Datius aliyekuwa bado amesimama na karatasi zake. Nilimwona anaelewa polepole, kuanzia macho kushuka chini. Mpaka leo Kokushubila anasema alimwonea tu huruma mzee mwenye kiu, na mimi simbishii, ninaishi jirani naye.

"Hii ilikuwa ya nani?" aliuliza baba kwa sauti ndogo.

"Ya mkweo, waitu," alisema Kashaija. "Mkutano umefunguliwa. Maswali."

Nusura wamle Datius mzima. Maswali waliyoyafungia kifuani tangu afike yalitoka yote siku ile. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini tasnifu inasema wanaume hukaa kwenye mikutano wakati wanawake wanabeba kahawa, na kama Datius sasa haoni kwamba yeye mwenyewe amesimama kwenye mkutano. Mwanamke mmoja alitaka kujua kwa nini jambo hilo amelipa kifungu kimoja tu. Wakamwuliza nani alimwambia kuhusu shamba la rweyani, wakagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya nani alimwambia, wakamrudia. Jasho lilimtoka. Alijibu, akakosea, akakubali kosa, akajibu tena. Dakta Ayubu aliacha kuandika, akawa anasikiliza mdomo wazi.

Mwishoni baba yangu akanyoosha mkono. Alitaka kusema kitu kikali, nilimjua kwa shingo. Lakini lililotoka ni lile alilokuwa ameliogopa miaka yote.

"Masta ni nini?"

Kila mtu alitaka kujua, wakamgeukia Datius.

"Tata, sijui vizuri," alisema. "Kila nikiikaribia wanaibadilisha."

Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu. Kashaija akaomba mikono, na ikainuka yote, ya wazee, ya wanawake wenye watoto mgongoni, na wa mwisho ulikuwa wa baba yangu, ambaye hakuwa hata na haki ya kupiga kura Ijumbi. Tulifunga ndoa Kashozi mwezi uliofuata. Baba alicheza.

Mngeniuliza siku ile, ningesema waraka wa pili ulikuwa na busara kuliko nilivyoudhania. Kwa bahati mbaya walioutunga walikuwa wamefikia uamuzi tofauti. Waraka wa tatu ulitukuta tungali tunakula nyama ya harusi. Imegundulika, ulisema, kwamba viwango vimeshuka. Mikutano ya vijiji haina sifa za kutoa alama. Kuanzia sasa shahada ya pili itapatikana kwa mihadhara na mtihani ndani ya ukumbi, na wanafunzi walioanza kwa utaratibu wa zamani wataanza upya, bila kujali hatua waliyofikia. Ulipigwa chapa kwa wino ule ule mzuri.

Datius aliusoma amesimama, kisha akaketi kwenye kigoda. Mimi nililia, na nililia kwa hasira. Niliposema basi, tubaki, tuna moto na tuna migomba, aliniangalia kwa macho ya mtu anayeomba ruhusa. Hapo nikajua. Baada ya mafaili, baada ya jembe, baada ya kusulubiwa ghalani, bado aliitaka ile masta. Hilo liliniuma kuliko waraka wenyewe. Nikamwambia aende.

Mzee Kashaija alipoambiwa, aliutazama waraka juu chini. "Mikono tulikwisha kuinyoosha," alisema. "Sasa wanataka tuishushe vipi?"

Datius akapanda meli Bukoba, akashika treni Mwanza, akaenda mwisho wa reli. Alikaa miaka miwili, na barua zake zilikuwa ndefu mwanzoni. Mimi nilifundisha, nikapalilia kibanja, nikawasha moto. Kijiji kilinichukua kama mtu wake, maana yake hakikunipa amani. Waliniambia napika maharage yenye mawe. Mikutanoni waliniuliza maswali mpaka nikakauka koo, wakanichagua kamati ya shule, mwaka uliofuata wakaninyima, kisha wakanirudisha. Kashozi nako baba aliwaambia watu baada ya misa kwamba mkwe wake alikwisha pata masta zamani, mbele ya kijiji kizima, na hicho anachokifuata sasa huko mwisho wa reli ni stakabadhi tu.

Datius alirudi mwezi wa sita, amenenepa kidogo, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Alikuwa na shahada yake. Alikuwa pia na barua ya kazi, mkufunzi msaidizi kuanzia Julai, na nyumba yenye umeme, na alikuja kunichukua. Nilimwuliza mtihanini waliulizwa nini kuhusu vijiji. Akasema palikuwa na swali moja, la ushirika wa wakulima wa Bulgaria.

Majirani walikuja wote. Walimletea kiti, kile cha mgongo cha mzee Kashaija. Kikapu cha kahawa kikaanzia kwake, nami ndiye niliyempa, kwa mikono miwili. Wakamwuliza safari, wakamwuliza wa huko hawajambo. Kashaija akatoa hotuba fupi ya shukrani kwa chemchemi. Datius akazungumza kwa muda mrefu juu ya mipango na takwimu, na kila alipopumua watu waliitikia, "Vizuri sana, waitu." Wanawake wakaimba, wakaaga, wakaondoka bila kumpa kisogo mpaka walipofika njiani.

Alibaki kwenye kiti kile, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jovita," alisema, "nimewaambia shamba la rweyani lilistawi. Nilisema makusudi. Mbona hakuna aliyebisha?"

"Mgeni hatahiniwi," nikamwambia. Sikulilainisha neno. Miaka miwili nilikuwa nimemwashia moto mtu asiyeuota.

Aliitazama kahawa mkononi mwake. "Hata wewe umenipa kwa mikono miwili."

"Nimelelewa."

Akaitafuna kahawa ile. Kisha akavua koti akalitundika kwenye kile kiti, akaingia ndani, akatoka na panga, akaenda kwenye migomba na viatu vyake vile vyeusi. Akaanza kukata majani makavu. Alikuwa amesahau mengi, na mkono ulikuwa umelainika, majani yalimwangukia kichwani.

Kokushubila alimwona kutoka upande wake. Akaja taratibu na fimbo yake mpaka kwenye mpaka, akasimama, akatazama mgomba wa kwanza, akatazama wa pili. Mimi nilikuwa mlangoni na roho mkononi. Najua adabu ya mwanamke yule. Angesema tu, "Pumzika, waitu, umetoka safari," basi tungekuwa tumekwisha, na ningeanza kufunga sufuria zangu.

"Nani kakufundisha kukata hivyo?" alisema Kokushubila. "Umekata mpaka majani mabichi. Na hayo maviatu unakanyagia nini nyasi za watu? Mke wako amekaa hapa miaka miwili peke yake, wewe unakuja kuua migomba?"

Datius alisimama na panga lake, amefunikwa na majani makavu.

"Nimekosea, mama."

"Umekosea sana. Anza upya, uanzie kule mwanzo."

Alikwisha kuambiwa aanze upya na watu wenye mihuri, watu wenye suti na watu wasiojulikana walipo. Sikuwahi kumwona akiitikia kama alivyoitikia siku ile. Alivua viatu, akavipanga pembeni, akarudi kwenye mgomba wa kwanza huku anajipangusa macho kwa mkono wa shati, na Kokushubila akimfuata nyuma akimtukana hatua kwa hatua.

Ya kazi ya Julai hatukuyazungumza siku ile. Nilikichukua kiti cha mzee Kashaija nikakirudisha kwake, kisha nikaingia ndani kuwasha moto.